Ramani ya Kandambili

Nilikuwa nimefundisha Jiografia chuo kikuu kwa miaka kumi na tisa siku nilipoambiwa niende nikafundishwe kufundisha. Tangazo lilikuja Alhamisi mchana kwenye kundi letu la WhatsApp la wahadhiri: Jumamosi nne mfululizo, wahadhiri wote, mafunzo ya namna ya kuwasaidia na kuwashirikisha wanafunzi wa kila hali. Kwa kuwa ukumbi wetu ulikuwa unaezekwa upya, tungekutana kwenye ukumbi wa kukodi kule Naliendele. Chai ipo. Mahudhurio yataandikwa.

Mwenzangu wa Historia, ambaye ofisi yake imepakana na yangu na ambaye alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, alikuja akasimama mlangoni kwangu na simu mkononi.

"Umeliona hili? Tunakwenda kufundishwa kufundisha. Mwakani watatufundisha kutafuna."

Nilicheka nikamwambia mimi siendi. Jumamosi ni siku yangu ya kwenda Mikindani kumwona mama, na mama hapendi kupangiwa siku nyingine. Lakini yale maneno ya mahudhurio yalinikaa kichwani, na Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Naliendele, nimekaa safu ya nyuma karibu na dirisha, mahali palepale wanapopenda kukaa wanafunzi wangu wasiotaka kuulizwa swali.

Mkufunzi wetu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, amevaa gauni la kitenge na raba nyeupe. Alipita akisalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Najua hunikumbuki. Ulinifundisha usomaji wa ramani."

"Marahaba, mwanangu. Ulipata ngapi?"

"C."

Sikujua niombe radhi au nimpongeze. Mwenzangu wa Historia aliinamia kikombe chake cha chai, mabega yakimtikisika.

Yule dada hakutuhutubia. Alisema tu kwamba mwaka huu madarasani kwetu wamo wasioona, wamo wasiosikia vizuri, wamo kina mama wenye watoto wachanga, na wamo wengi waliolelewa kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, Kiswahili wakakikuta shuleni na Kiingereza wakakikuta ubaoni. "Sitawaambia mfanye nini," alisema. "Leo kila mmoja atafundisha dakika tano, na wenzake watamsikiliza wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Tuanze na mwalimu wangu."

Nilikwenda mbele bila wasiwasi. Kontua naweza kuzifundisha hata nikiwa na homa. Nilichora kilima changu cha siku zote, ile mistari inayozunguka na kuunganisha sehemu zenye mwinuko sawa, nikageuka. Wahadhiri wenzangu wote walikuwa wamefungwa khanga machoni, wametulia kama watu wanaosubiri kunyolewa. Kando yangu mkufunzi alikuwa ameweka bakuli la bati na kifuko cha korosho zilizobanikwa.

"Kama mnavyoona," nikaanza.

Ti! Korosho moja ikaanguka kwenye bakuli.

"Mstari huu unaanzia hapa," ti, ti, "unazunguka hivi," ti, "mpaka pale," ti, "unakutana na huu." Ti.

Mwanzoni nilidhani zinamponyoka. Nikaendelea kwa bidii, na korosho nazo zikaendelea. Mwenzangu wa Historia akanyoosha mkono, si upande wangu bali upande wa dirisha.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Huu ndio upi, na pale ndio wapi? Maana huku nipo gizani na naogopa kudondoka kilimani."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka. Dakika tano zilipokwisha, bakuli lilikuwa limekaribia kujaa. Yule dada akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kila korosho ni neno moja lililohitaji macho, Mwalimu. Ni zako. Kula."

Nilizila na wenzangu wa meza ya nyuma. Zilikuwa zimebanikwa vizuri, hilo siwezi kukataa. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kilikuwa kimeniishia, kwa sababu mimi nilikuwa na mwanafunzi asiyeona, na nilikuwa nimemfundisha hivyo hivyo wiki sita.

Alikuwa mwaka wa kwanza, anasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili. Kijana mrefu, mcheshi, mpenzi wa mpira kiasi kwamba angeweza kukutajia benchi zima la akiba la timu yake na majeraha ya kila mmoja. Alikuwa akikaa safu ya mbele na kinasa sauti chake kidogo, na kijiji chao kilikuwa upande wa kusini, kule Mto Ruvuma unapoingia baharini. Wiki ya kwanza kabisa nilimwita nikamwambia asijali kuhusu ramani. Sehemu hiyo nitampa insha badala yake. Alisema, "Asante, Mwalimu," nami nikarudi ofisini nikijiona mtu mwema.

Jumatatu baada ya mafunzo nilimwita tena. Nilimwuliza, kwa mara ya kwanza, kama ile insha inamfaa. Aliikunja fimbo yake, akaikunjua.

"Niseme kweli, Mwalimu?"

"Sema."

"Insha ni nzuri. Lakini mimi nakwenda kuwa mwalimu wa Jiografia. Wanafunzi wangu wakiniuliza ramani, nitawaambia waandike insha?"

Nilimwambia anipe siku chache.

Jumatano sikuwa na kipindi, nikapanda gari kwenda Mikindani. Mama yangu husuka ukili na kushona mikeka, na sijawahi kumwona amekaa bila kitu mkononi. Nilimweleza kwamba nataka kutengeneza ramani ya kushika, ya mdomo wa Ruvuma, ili kijana wangu aione kwa vidole. Alivutiwa kuliko nilivyotegemea. Alileta ukili wa kuwa mto, uzi wa nyavu wa kuwa mipaka, mtama wa kuwa mchanga, kunde za kuwa vijiji. Mimi nikasema tubandike maganda ya korosho yawe mikoko, kwa kuwa yalikuwa yamejaa uani.

Mama akaweka chini sindano yake ya mkeka.

"Maganda mabichi? Umesoma mpaka umepitiliza? Mafuta yake yanababua. Unataka mtoto wa watu ababuke ngozi za vidole, halafu asome kwa kitu gani?"

Tukaweka choroko. Tulifanya kazi mpaka alasiri, gundi ikatuganda mpaka kwenye viwiko, na tulipomaliza niliona sijapata kutengeneza kitu kizuri kama kile. Mama alikisogeza mbali akakitazama, akasema hata yeye angekubali kukipeleka mnadani.

Alhamisi nilimwita kijana ofisini, nikaiweka ramani mezani mbele yake. Alipitisha vidole. Akarudi mwanzo, akapitisha tena. Nilimwona akikunja uso.

"Mwalimu, hiki ni chakula?"

"Ni ramani ya mdomo wa Ruvuma."

"Kwetu kule?"

"Kwenu kule."

Akapapasa tena mtama, kunde na choroko. "Basi mwaka huu kwetu wamevuna."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini aliposikia nimetulia aliniambia ukweli wake kwa upole. "Nashika vitu vingi kwa pamoja. Kila mahali kuna punje. Mto wenyewe sijauona."

Ijumaa asubuhi nilipofungua ofisi nilikuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani hadi mezani. Walikuwa wanahamisha fungu zima la mchanga la upande wa Msumbiji, punje baada ya punje. Mwenzangu wa Historia alikuja akaangalia, mikono nyuma.

"Mpaka umesogea," akasema. "Ita serikali."

Jumamosi ya pili nilibeba mabaki ya ramani yangu hadi Naliendele. Nilitaka nihurumiwe. Mkufunzi aliigeuza geuza, akaisifu kazi ya mikono, kisha akaniuliza swali moja.

"Kabla hujaitengeneza, ulimwuliza anataka iweje?"

"Hapana."

"Ulimwuliza nani?"

"Mama yangu."

Vicheko vya siku ile vilisikika hadi jikoni, mpishi akaja kuchungulia mlangoni. Lakini yule dada alikuwa na kazi ya kutupa. Kila mmoja wetu akawagawie wanafunzi wake vipande vya karatasi visivyo na majina, waandike kwa lugha yoyote wanayoitaka: ni kitu gani katika ufundishaji wangu kinakuzuia kujifunza? Wengine walilalamika. Mmoja alisema huko ni kumpa mtoto fimbo akuchape. Mwenzangu wa Historia alinishangaza. Alikuwa anaandika swali lile kwenye daftari lake.

Niligawa vipande vyangu Jumatatu, nikavisomea nyumbani nimefunga mlango wa chumba. "Madam anauliza swali halafu anajibu mwenyewe." "Kiingereza chako kinakimbia, tunabaki kituoni." "Ukicheka darasani tunaelewa zaidi." Kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa Kimakonde, nikampelekea mtunza bustani wa chuo anitafsirie. Alikisoma, akasita, akasema kinasema kwamba mimi ni mkali lakini nimevaa vizuri. Mpaka leo sina hakika kama alinitafsiria chote.

Kimoja nilikisoma mara nyingi kuliko vingine. "Naomba usifunge mlango. Nanyonyesha."

Kipindi changu cha kwanza kilianza saa moja asubuhi, na saa moja na dakika tano nilikuwa nafunga mlango kwa komeo. Nilikuwa najisifu kwa desturi hiyo. Niliamini inawajenga. Sasa nilijaribu kuwaza ni nani kati ya wasichana na wanawake wale, nikashindwa, kwa sababu aliyefungiwa nje sikuwa nimepata kumwona. Kesho yake niliacha mlango wazi nikaweka jiwe chini yake upepo usiufunge. Saa moja na robo aliingia mwanamke mwenye kilemba cha kijani, amebeba viatu mkononi asipige kelele. Akakaa kiti cha karibu na mlango. Sikumtazama. Niliendelea kueleza mmomonyoko wa udongo kana kwamba sikuona kitu, ila najua nilirudia sentensi moja mara mbili.

Kijana wangu naye sasa nilimwuliza vizuri: unataka ramani iweje?

Alikuwa na jibu tayari, nadhani alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza. "Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza nchi kavu na maji tu. Nikishaielewa hiyo, niongezee kingine. Na kiwe kigumu kidogo, kisibonyee wala kisiliwe." Hapo alitabasamu. "Na palipo juu pawe juu kweli. Shule ya bweni tulikuwa tunakatiwa herufi kwenye soli za kandambili. Kandambili haidanganyi kidole."

Mimi ninayeishi Ufukoni nilikuwa napita kwenye kandambili kila siku. Bahari huzileta pwani zile moja moja, hazina jozi, rangi zote za dunia. Jumatano jioni nilikwenda na wanafunzi kama kumi, yeye akiwamo, tukaokota gunia zima. Waliokuwa wakipita walidhani ni siku ya usafi wakatupongeza. Mwenzangu wa Historia alichangia moja yake mwenyewe iliyokatika ukanda, akiwa amekuja kuangalia tu, kama alivyosema, jinsi wanajiografia wanavyodhalilika.

Tuliziosha, tukazikata kwa visu, tukazibandika juu ya ubao kwa tabaka. Tabaka moja la kandambili lilikuwa mita kumi za mwinuko. Ukitaka kilima cha mita arobaini unapandisha tabaka nne, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, na ukingo wa kila tabaka ndio mstari wa kontua. Kijana alipitisha kidole gumba kwenye zile ngazi, kutoka chini kwenda juu, kisha akarudi upande wa pili.

"Huku kumekaa wima," alisema. "Ngazi zimebanana. Kule ni mteremko wa kawaida, mtu anaweza kulima."

Hicho ndicho nilichokuwa nawaeleza watu kwa miaka kumi na tisa: mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Alikipata kwa pumzi mbili. Lakini kilichonishangaza kilitoka nyuma yake. Binti mmoja mwenye macho mazima, aliyekuwa amefeli jaribio langu la kwanza, alivuta ubao kwake, akafumba macho, akapitisha mkono.

"Kumbe kontua ndiyo hii!" akasema kwa sauti. "Mbona hukutuambia, Madam?"

Nilidhani nilikuwa nimewaambia. Tangu siku hiyo ule ubao haukukaa ofisini kwangu, ulikuwa unaazimwa kama kitabu. Jumamosi ya tatu niliupeleka Naliendele, ukazunguka meza zote, na mhadhiri mmoja wa Hisabati akaomba kandambili zilizobaki. Jumamosi ya nne mtu wa kwanza kufika ukumbini alikuwa mwenzangu wa Historia. Alisema amewahi kwa ajili ya chai.

Kabla ya muhula kwisha huwa nawapeleka wanafunzi uwandani, walinganishe ramani na nchi yenyewe. Mwaka ule nilichagua mdomo wa Ruvuma. Zamani mwanafunzi kama yule ningemwacha chuoni, ningesema ni kwa usalama wake. Safari hii nilimwuliza kama atakuja.

"Mwalimu, ni nyumbani. Ninyi ndio mnaokuja."

Tulikodi basi dogo, tukafika asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Niliwagawa watano watano, kila kundi na ramani ya karatasi, na kundi la kijana wangu na ubao wao. Kazi ilikuwa rahisi: mko wapi, na mmejuaje? Nikawaambia wawe wamerudi kwenye basi saa saba.

Mabishano yalianza papo hapo. Ramani ilionyesha mkono wa mto mahali tulipokuwa tumesimama kwenye nchi kavu. Kijana wetu alivua viatu. Alitembea kidogo, akasimama, akatembea tena, akituambia anachokikanyaga. Mchanga wa mto unakwaruza, alisema, wa bahari unateleza, na tope la mikoko linanyonya. Wenzake wakaandika. Hata mimi niliandika. Halafu akachangamka.

"Hapa napajua. Mbele kidogo kuna mchanga mgumu, tulikuwa tunachezea mpira. Nifuateni!"

Tukamfuata, wenzake wanne wa kundi lake na mhadhiri wao. Hatua ya kumi na mbili au kumi na tatu tope lilimeza miguu yake hadi magotini. Aliyekuwa nyuma yake akazama, na wa nyuma yake, na mimi niliyejaribu kurudi nikakaa kabisa. Kiatu changu cha kushoto sijakiona mpaka leo. Kisha kijana alianza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyefungwa bao na rafiki yake.

"Hii haikuwepo! Wallahi haikuwepo! Nilipoondoka kwenda shule hapa palikuwa uwanja!"

"Basi mto umehama," akasema yule binti wa kontua, naye amezama hadi mapajani, daftari lake ameliinua juu ya kichwa. Na hapohapo, kabla hajatoka kwenye tope, akaandika.

Tulivutana mmoja mmoja hadi pakavu. Saa ya simu yangu ilionyesha saa sita na dakika chache, nikawaambia tunao muda wa kutosha, twende tukaione mikoko ya upande wa pili. Makundi mengine nayo yakaendelea na kazi bila haraka. Kumbe simu zetu zote zilikuwa zimekamata mtandao wa Msumbiji, zikatukaribisha nchi ya watu na kurudisha saa nyuma kwa saa nzima. Mtu pekee aliyekuwa na saa ya kweli alikuwa kijana wetu, aliyevaa mkononi saa ya kusema, na aliibonyeza kwa sababu njaa ilimwuma. Ikatamka kwa Kiingereza chake cha puani kwamba ni saa saba na dakika kumi na mbili.

"Inadanganya," akasema mmoja.

"Saa yangu haina laini," akajibu.

Tulirudi tukikimbia, mimi na kiatu kimoja. Dereva alikuwa amekasirika, lakini si sana, kwa sababu mama wa kijana alikuwa ameshamfuata kwenye basi na kumpa chakula. Alikuwa mama mfupi, mkulima wa korosho na mihogo, na alikuwa ametuandalia samaki wa kukaanga na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, sinia juu ya sinia, kwenye baraza ya nyumba yao. Mwanawe alimwelekeza kwangu. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ndiyo mwalimu wa ramani huyu? Mbona amepotea?"

Alininawisha miguu mwenyewe, nikikataa na yeye akikataa kukataliwa. Alizungumza Kiswahili kizito chenye mwendo wa Kimakonde, polepole. Aliniambia kwamba mwanawe alipokuwa mdogo alimfungia kamba kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine kutoka mlangoni hadi kwa bibi yake, ili aifuate asipotee. Alifanya hivyo akilia, akidhani ataifuata maisha yake yote. Haukupita hata mwezi.

"Siku moja kaja na kamba zote mbili, kazifungua, kazikunja vizuri. Kaniambia, mama, fungia mbuzi."

Alicheka, nami nikacheka, maji ya kunawa yakamwagika. Nilikula ming'oko mingi kuliko heshima inavyoruhusu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimempa mwanawe insha, lakini sikusema. Nilimwambia tu kwamba ana kijana hodari, na kwamba si hodari wa kuonyesha njia. Alikubali yote mawili.

Mtihani wa mwisho wa muhula aliufanya kwa ramani mpya ya kandambili, ya mahali asipopajua, iliyotengenezwa na fundi wa maabara kwa siku tatu. Alipata B. Siku matokeo yalipobandikwa alikuja ofisini kwangu, si kushukuru. Alidai swali la nne nimemnyima alama mbili. Tulibishana nusu saa, ubao katikati yetu, vidole vyake na kalamu yangu vikifuata bonde lilelile. Nilimrudishia alama moja. Ile ya pili hakustahili, na hadi anaondoka hakukubali.

Muhula wa pili ulipoisha walipelekwa mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa kwenda kumkagua kwenye sekondari moja nje ya mji. Darasa la kidato cha pili lilikuwa limejaa, watatu watatu kwenye dawati. Nilikaa nyuma kabisa na fomu yangu ya ukaguzi. Alikuwa amemteua msichana mmoja wa kuandika ubaoni na mvulana mmoja wa kumtajia mikono iliyoinuliwa, kwa majina, na baada ya dakika kumi hakumhitaji mvulana, alikuwa anazitambua sauti. Alifundisha mito. Aliwaambia habari za tope, akawaambia na mimi nilikuwemo, watoto sabini wakageuka kunitazama.

Kengele ilipolia alikuwa hajamaliza. Tulikaa nje kwenye benchi la mama mmoja muuza maandazi, mimi nikisubiri bodaboda, tukanywa chai. Nikamsomea fomu yangu.

"Unakwenda mbio," nilimwambia. "Swali unaliuliza, kisha unalijibu mwenyewe. Wape muda."

"Nilijifunza kwako, Mwalimu," akasema.

Nikamwambia hilo pia ninaliandika kwenye fomu, akaniomba nimsogezee sukari.